Bwawa la Kuvulia Samaki Shambani: Hesabu ya Vinavyotoka

Mkazi wa Dar es Salaam anayenunua shamba Kisarawe, Mkuranga au Kibaha mara nyingi hununua ardhi iliyochoka. Hukuta mikorosho iliyozeeka bila kupogolewa, visiki vya miti iliyokwisha kugeuzwa mkaa, na korongo ambalo kila masika hujichimba upya. Huanza kwa kuzuia moto, kupanda miti na kuchimba makinga maji. Na ardhi inapoanza kurudi katika hali yake, jicho huangukia bondeni, mahali ambapo nyasi hubaki kijani hadi Agosti, naye hujiambia kwamba pale pangefaa kuwa na bwawa, ili Jumamosi jioni watoto wakae ukingoni na mishipi yao. Wazo hilo si baya. Mimi mwenyewe nililifuata, na shamba langu la Kisarawe leo lina bwawa la mita za mraba 1,000. Hatua chache juu yake lipo shimo lenye nyasi ambalo zamani lilikuwa bwawa langu la kwanza.

Wenzangu wanaotaka kujenga huniuliza maswali mawili: maji nimeyatoa wapi, na vifaranga vinauzwa wapi. Yote mawili yanahusu kinachoingia, na yote mawili yana majibu mepesi. Ugumu wa bwawa uko upande wa pili. Maji hutoka kwa kupanda hewani, kwa kupenya ardhini na kwa kufurika. Oksijeni hutoka usiku wakati mwenye shamba amelala. Samaki hutoka siku asiyotaka watoke, na hukataa kutoka wakati anahitaji wapungue. Aliyepanga njia hizo tangu mwanzo atakuwa na bwawa, na asiyezipanga atakuwa na shimo kama langu.

Ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo mafunzo mengi huvichanganya. Bwawa la kufugia samaki huendeshwa kama banda la kuku wa nyama: vifaranga wengi wa umri mmoja, chakula cha kununua kila siku, kisha siku moja kokoro hupitishwa, samaki wote huvunwa na bwawa hukaushwa. Bwawa la kuvulia kwa ndoano haliendi hivyo. Samaki hutolewa mmoja mmoja, mwaka mzima, wa ukubwa tofauti, na hakuna anayejua kwa hakika wamebaki wangapi. Hata wingi wa chakula, ambao kwa mfugaji ni sifa, hapa huharibu mambo, kwa sababu samaki aliyeshiba pumba na mashudu asubuhi haoni sababu ya kuguguna nyungunyungu jioni. Kwa hiyo vipimo vya mfugaji haviwezi kuhamishwa kama vilivyo, ingawa ndivyo utakavyopewa kila utakapouliza.

Tuanze na maji. Ukanda wa Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,000 hadi 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika kati ya Machi na Mei, na nyingine za vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Kati ya misimu hiyo kuna takriban siku 150 za ukavu, kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Oktoba, na hizo ndizo zinazoamua. Maji ya wazi katika hali yetu ya joto na upepo huweza kupoteza milimita 5 kwa siku kwa kupanda hewani. Kiasi hicho hakifiki hata unene wa kidole kidogo, lakini juu ya bwawa la mita za mraba 1,000 ni lita 5,000 kila siku, na kwa siku 150 kina kimeshuka kwa sentimita 75. Sasa tuseme udongo wa chini nao unavujisha milimita 5 nyingine kwa siku, kiwango ambacho si cha kutisha kwa bwawa la udongo. Jumla ni milimita 10 kwa siku, yaani mita moja na nusu kufikia mwisho wa Oktoba. Mtu aliyechimba bwawa lenye kina cha mita moja na nusu kote, jambo ambalo machoni linaonekana kuwa kina kikubwa, atapokea mvua za kwanza za vuli akiwa na matope yaliyopasuka. Ndiyo maana bwawa la kuvulia lisilo na chanzo cha kudumu lahitaji sehemu moja yenye kina cha mita 2.5 au zaidi, ili ukavu ukifika ukomo wake samaki wabaki na mita moja ya kujificha.

Kujaza ni rahisi zaidi kuhesabu. Ikiwa mteremko unaoelekea bwawani una ukubwa wa hekta mbili, na sehemu moja tu kati ya kumi ya mvua ya mwaka ndiyo inayotiririka juu ya ardhi, hizo ni takriban mita za ujazo 2,000, zinazotosha kujaza bwawa lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu na kufidia kiasi cha kinachopotea. Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza. Kadiri shamba linavyofufuka, ndivyo maji yanavyopungua kutiririka, kwa sababu makinga maji, majani yaliyoanguka na mizizi huyashika na kuyazamisha. Mteremko ulio uchi hujaza bwawa haraka, ila hulijaza tope pia, na baada ya masika machache kina chote ulicholipia greda kimegeuka mchanga. Mteremko uliofunikwa hutoa maji machache yaliyo safi, na sehemu ya yale yaliyozama hujitokeza taratibu bondeni miezi ya baadaye kama unyevu au chemchemi ndogo. Mimi nachagua mteremko uliofunikwa na kukubali kwamba mwaka wa kwanza bwawa litajaa nusu.

Wapo wanaotegemea kisima kirefu. Karibu na bahari, Kigamboni kwa mfano, maji ya visima huweza kuwa na chumvi; perege huvumilia chumvi kiasi, lakini ni busara kuyapima kabla ya kununua pampu. Maji ya bomba yana klorini inayowaua samaki, na kuyatumia kwa bwawa zima ni gharama isiyo na maana. Kuhusu mto au kijito, sheria ni bayana kuliko watu wanavyodhani: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuzuia au kuchepusha maji, na kwa upande wetu ofisi inayohusika ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto dhidi ya shughuli za kudumu. Bwawa linalokusanya maji ya mvua juu ya mteremko, mbali na kijito, huepusha sehemu kubwa ya usumbufu huo, lakini ni vema kumwona ofisa uvuvi wa wilaya na ofisi ya bonde kabla ya kuita mashine.

Udongo ndio unaoamua kama hesabu ya kuvuja itakuwa milimita 5 au 50. Sehemu kubwa ya ukanda wetu ni kichanga kwa juu, na mfinyanzi, ukiwapo, uko chini yake kwa mafungu yasiyo sawa. Hatua ishirini zinaweza kutenganisha mahali panapozuia maji na mahali panapoyanywa. Kipimo cha kwanza ni cha mkono. Chukua udongo wenye unyevu, ufinyange uwe tonge la ukubwa wa embe dogo, lirushe juu kiasi cha nusu mita na ulidake. Likivunjika, udongo huo hauna mfinyanzi wa kutosha. Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji hadi juu asubuhi, liongeze jioni baada ya kuta kulowa, lifunike kwa matawi, kisha litazame asubuhi inayofuata. Yakiwa yamebaki karibu yote, endelea. Shimo moja halitoshi. Mimi nilichimba matano na mawili yalikuwa makavu.

Watu wa upande wa Pugu huwa na tumaini katika ule udongo mweupe, kaolini, unaopatikana vilimani kule. Ni mfinyanzi kweli, lakini hauvimbi sana unapolowa, na sifa ya kuvimba ndiyo inayoufanya mfinyanzi wa aina ya bentonaiti uzibe nyufa wenyewe. Kaolini hushika maji ikiwa tu imeshindiliwa vizuri ikiwa na unyevu unaofaa. Udongo wa kichuguu ulinisaidia zaidi: niliusambaza sakafuni kwa tabaka, nikaulowesha na kuushindilia. Turubai nene la plastiki ni suluhisho la hakika mahali pa kichanga kitupu, ila bei yake kwa mita za mraba 1,000 huwafanya wengi wapunguze ndoto hadi ukubwa wa sebule, na kenge na majembe yote ni maadui zake.

Tuta ndilo nililolipia ada ya kujifunza. Tuta haliwekwi juu ya nyasi. Kwanza udongo wa juu wenye mizizi na mboji hukwanguliwa wote na kutengwa, kisha mfereji huchimbwa katikati ya mstari wa tuta hadi kuufikia mfinyanzi, na mfereji huo hujazwa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili maji yasipite kwenye tabaka la kichanga lililo chini. Baada ya hapo tuta hupandishwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila moja likiwa na unyevu na likishindiliwa kabla ya jingine kuja. Miteremko yake iwe ya taratibu, mita mbili za mlalo kwa kila mita moja ya kimo, na upande wa maji ukiwa na kichanga iwe mita tatu. Visiki ving'olewe vyote, kwa kuwa mzizi wa mkorosho ukioza ndani ya tuta huacha bomba la asili. Juu hupandwa ukoka, kamwe si mti.

Hayo yote fundi wa bwawa langu la kwanza aliyafuata kwa uaminifu, isipokuwa katika bomba la kutolea maji. Alililaza chini ya tuta, bomba laini la plastiki la inchi nne, akalifunika na kushindilia juu yake. Tatizo ni kwamba udongo hauwezi kushindiliwa vizuri chini ya mzingo wa bomba, na uso laini wa plastiki haushikani na udongo, kwa hiyo maji hupata njia ya kusafiri nje ya bomba, sambamba nalo. Mwanzoni ni jasho tu upande wa pili. Kisha jasho huwa uzi, uzi hubeba chembe za udongo, na kila chembe inayotoka huacha nafasi ya maji mengi zaidi kupita. Tuliona uzi huo Jumanne. Ijumaa usiku tuta lilikuwa na mdomo ambao mtu angeweza kupita akiinama. Dawa yake ni rahisi na ya bei ndogo kiasi cha kuudhi: kuta mbili au tatu za zege zinazolizunguka bomba kama sahani, kila moja ikizidi bomba kwa sentimita 40 au 50 kila upande, ili maji yanayofuata bomba yagonge ukuta na kulazimika kupita kwenye udongo ulioshindiliwa. Bomba lenyewe lisiachwe kwa kuogopa hadithi yangu. Bila hilo hutaweza kulikausha bwawa kamwe, na bwawa lisilokaushika litakusumbua kwa njia nyingine.

Jambo jingine linalovunja matuta ni kukosa utoro wa maji, yaani njia pana iliyoachwa pembeni ya tuta, chini kidogo ya kimo chake, ili maji ya ziada yatoroke bila kulipanda tuta. Wengi hutosheka na bomba la juu. Turudi kwenye zile hekta mbili. Mvua ya milimita 100 kwa siku moja si ya kila mwaka hapa kwetu, lakini si ya ajabu, na ikija baada ya wiki mbili za masika hukuta ardhi imeshiba, hivyo nusu yake hutiririka. Hizo ni mita za ujazo 1,000 zinazoingia kwenye bwawa lililokwisha kujaa, na juu ya eneo la mita za mraba 1,000 kiwango kinataka kupanda mita nzima. Hakuna bomba la inchi nne litakaloondoa maji hayo kwa wakati. Utoro wa maji uwe na upana wa mita tatu au nne, uchimbwe kwenye ardhi ya asili ambayo haikuguswa, mbali na udongo uliojazwa, upandwe nyasi zinazotambaa, na sakafu yake iwe angalau nusu mita chini ya kilele cha tuta. Kwa kuwa tuta jipya hujishusha lenyewe kadiri linavyokaa, lijengwe juu zaidi kwa sehemu moja kati ya kumi.

Utoro huo huo ndio mlango wa samaki. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuweka wavu, na wavu wa matundu madogo huzibwa na majani ya msimu ndani ya saa moja ya mvua, kisha utoro hugeuka ukuta na maji hulipanda tuta. Nondo zilizosimamishwa zikiachana kwa sentimita chache huzuia samaki wakubwa na kuruhusu majani mengi kupita, lakini wadogo watatoka. Ni afadhali kukubali kwamba bwawa lolote linalofurika hutoa samaki, na kuchagua samaki kwa kuzingatia hilo.

Hapa ndipo swali la sato linapoingia. Sato hukua haraka, huuzwa na wazalishaji wengi wa vifaranga, na jina lake lina soko. Lakini si mwenyeji wa mito yetu ya mashariki. Wami, Ruvu na Rufiji ni nyumbani kwa perege mwingine, ambaye kitaalamu huitwa Oreochromis urolepis, na sato akimfikia huzaliana naye, kiasi kwamba vizazi vichache baadaye mto unakuwa na machotara na perege wa asili anapotea bila mtu kumuua. Tunayo kumbukumbu ya kutosha ya jambo kama hilo. Sato tunayemhesabu kuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria aliletwa huko miaka ya 1950, na ngege wa asili, aliyekuwa nguzo ya uvuvi wa ziwa hilo, akakaribia kutoweka kwa kubanwa naye, kwa sangara aliyeingizwa kipindi hicho hicho na kwa nyavu za watu. Vijito vya vilima vya Kisarawe havisimami shambani. Msimbazi huanzia huko, na vingine huelekea Ruvu. Mtu mwenye bwawa la turubai kwenye uwanja tambarare anaweza kufuga sato bila wasiwasi mkubwa. Mwenye bwawa la bondeni lenye utoro, kwa maoni yangu, amtafute perege wa asili ya bonde lake hata kama itambidi asubiri, na akubali kwamba atakua polepole zaidi.

Sifa ya perege wote hao, na kasoro yao, ni uzazi. Jike huatamia mayai kinywani, hulinda vifaranga humo humo, na katika maji ya joto huweza kurudia baada ya wiki chache. Perege wakibanana na kukosa chakula huanza kuzaa wakiwa wadogo sana, kabla hawajafika gramu 50. Hivyo bwawa lililopandwa vifaranga 1,000 Aprili huweza kuwa na maelfu yasiyohesabika mwaka unaofuata, wote wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, wakiwa na vichwa vikubwa na miili myembamba. Mwenye bwawa huona ndoano inaguswa kila sekunde na kudhani mambo ni mazuri, wakati bwawa limeshindwa.

Njia moja ya kuepuka hali hiyo ni kupanda madume peke yake, ambao pia hukua kuwazidi majike. Wazalishaji hupata madume kwa kuwalisha vifaranga homoni katika wiki tatu hadi nne za mwanzo. Mkulima naye anaweza kuwachagua kwa macho wakifika gramu 30 hivi, kwa kuwa dume ana matundu mawili chini ya tumbo na jike ana matatu. Ipo pia njia ya kuchanganya koo, nayo ina historia inayotugusa: mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling alieleza, kutokana na majaribio ya Malacca, katika Malaysia ya leo, kwamba dume wa perege aliyetolewa Zanzibar, wa jamii ya perege wa Wami, akipandishwa na jike wa perege wa Msumbiji, watoto huwa karibu wote madume. Kwa bwawa la kufugia, lenye miezi minane ya kuishi, madume watupu ni jibu zuri. Kwa bwawa la kuvulia la miaka mingi si jibu kamili, maana jike mmoja aliyekosewa katika uchaguzi, au aliyepanda kupitia utoro wakati wa mafuriko, hufuta kazi yote.

Njia inayofaa zaidi ni kumpa perege mla nyama wa kumpunguza. Marekani walilifikiria jambo hili mapema. Kuanzia miaka ya 1930 Homer Swingle wa Auburn, Alabama, alichunguza mabwawa ya mashamba na kuonyesha kwamba samaki wadogo wanaozaliana sana wanaweza kudhibitiwa na samaki mla samaki wakipandwa kwa uwiano, takriban kumi kwa mmoja. Samaki wake si wetu, lakini kanuni inahamishika, na kwetu mla samaki huyo ni kambale. Kwa bwawa la mita za mraba 1,000 lisilolishwa sana, ningepanda perege 1,000, nusu au theluthi ya wanaopandwa na wafugaji, na baada ya miezi miwili, wadogo wa kwanza wanapoonekana pembezoni, ningeongeza kambale 50 hadi 100. Kambale wapya sharti wawe wadogo kuliko perege wa mwanzo, la sivyo watawameza wazazi na kuwaacha watoto. Wana faida ya kutozaa kwa urahisi ndani ya bwawa, kwa kuwa husubiri kingo zilizofurika. Hasara yake ni kwamba itakubidi kuwaongeza kila baada ya miaka michache. Wana hasara nyingine inayojulikana na kila aliyekulia karibu na mto: kambale hupumua hewa ya juu, na usiku wa mvua hutembea. Ukingo wa sentimita 30 wa bati au matofali kando ya utoro, bila kuuziba, huwapunguzia hamu ya safari.

Vifaranga wanapatikana kwa wazalishaji binafsi na kwenye vituo vya serikali kama Kingolwira, Morogoro. Wasafirishwe alfajiri, kwenye mifuko yenye oksijeni, wakiwa hawajalishwa tangu jana yake. Mifuko iachwe ielee bwawani dakika 20 hadi 30 kisha maji ya bwawa yaongezwe ndani kidogo kidogo. Wanaokufa wiki ya kwanza mara nyingi waliuawa na haraka ya dakika hizo.

Kabla hawajafika, bwawa liwe limekwisha kuwa kijani. Udongo wenye tindikali hupewa chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, kisha samadi kidogo kidogo hulisha vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyapa maji rangi na ndivyo chakula cha perege. Kipimo ni mkono wako: uzamishe wima, na kiganja kipotee machoni maji yanapofika kiwiko. Kikipotea kwenye kifundo, umezidisha. Na kuzidisha ndiko kunakoua, kwa sababu vijimea hivyo vinavyotoa oksijeni mchana huitumia usiku, pamoja na samaki na samadi inayooza chini, na kiwango huwa cha chini kabisa karibu na alfajiri. Siku za mawingu ya masika ni mbaya zaidi, kwa kuwa mchana wenyewe haukuweka akiba. Ukiwakuta perege wamepanga midomo juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi, acha samadi, acha kulisha, na uingize maji mapya kwa kuyarusha yapasuke juu. Kambale hawatakuonya, kwani wao wana hewa yao.

Mdiria, mnandi, korongo na kenge watakuja wenyewe. Kenge ndiye wa kuhangaikia, si kwa samaki anaokula bali kwa mashimo anayochimba kwenye tuta. Wanadamu nao walindwe: bwawa lenye watoto karibu lizungushiwe uzio, na majani ya pembezoni yang'olewe bila kusubiri, kwa kuwa ndimo wanamokaa konokono wa kichocho na viluwiluwi vya mbu. Ukingo usiwe na sehemu pana ya kina cha magoti, na anayevua akae kwenye jukwaa la mbao badala ya kuingia majini.

Inabaki sheria ya ndoano, ambayo wageni wangu huikuta kinyume na walivyolelewa. Desturi njema ya mvuvi ni kumrudisha samaki mdogo akakue. Bwawani kila perege mdogo anayetoka ni nafuu kwa waliobaki, kwa hiyo hakuna perege mdogo anayerudishwa. Huenda kikaangoni, kwa kuku, au huwa chambo. Anayerudishwa ni kambale wa kilo moja na kuendelea, kwa sababu ndiye anayefanya kazi. Daftari hukaa kibandani, na kila anayevua huandika idadi na urefu. Miezi mitatu mfululizo ya perege wa sentimita kumi na mbili bila wakubwa humaanisha kwamba kambale wamepungua, na miezi mitatu ya perege wakubwa wachache bila wadogo humaanisha kwamba kambale wamezidi.

Hata daftari hilo huchoka. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwishoni mwa Oktoba wakati ukavu umekwisha kufanya nusu ya kazi, koki ya bomba hufunguliwa. Kambale wakubwa na perege wazuri huhamishiwa kwenye matangi chini ya mwembe, wengine hugawiwa majirani siku hiyo hiyo, na sakafu huachwa jua liipasue wiki mbili. Tope hupelekwa kwenye migomba kwa toroli, kuta za zege za bomba hukaguliwa, chokaa hunyunyizwa, na koki hufungwa kabla ya vuli.